Nilipigiwa makofi mkutanoni, bawabu akapoteza kazi

IKIWA una mtoto katika shule ya umma hapa jijini, hebu jiulize swali hili kabla hujafungua ukurasa mwingine. Shuleni kwa mwanao kuna walimu wangapi? Simaanishi wale unaowaona wameketi mbele siku ya mkutano wa wazazi. Namaanisha, ni wangapi walioajiriwa na serikali, ni wangapi wanaolipwa kwa pesa za kuokoteza, na ni nani hufagia, hufungua lango, huandika barua na kumpeleka zahanati mtoto aliyeanguka uwanjani? Kama hujui, usione haya. Mimi ni mwandishi wa habari, kazi yangu ni kuuliza maswali, na nilikaa miaka minne na zaidi bila kuuliza hilo.

Binti yangu alikuwa Gredi ya 5 mwaka 2024, katika shule moja kubwa ya umma upande wa Eastlands. Ukifika hapo saa moja asubuhi utadhani ni soko la Gikomba. Kila gredi ina mikondo minne, na kila darasa lina watoto 62 hivi. Tangu mwaka ule uanze alikuwa akirudi nyumbani na daftari lenye maandishi ya wino mwekundu: "Hamalizi kazi." Wiki iliyofuata: "Mzembe." Nilimgombeza. Nikamnyima televisheni. Siku moja, Mungu anisamehe, nilimchapa.

Aliyenifumbua macho si mwalimu. Ni bawabu wa langoni, mzee mmoja mpole mwenye koti kuukuu la kijeshi ambalo sijui alilipata wapi. Watoto walimwita Guka na sisi wazazi tukafuata. Jioni moja mwezi Februari nilipokwenda kumchukua binti yangu, Guka aliniita kando.

"Mama, usikasirike," akaniambia. "Huyu mtoto wako haoni."

"Haoni vipi, Guka?"

"Wenzake wakiona mzazi pale kwa barabara wanakimbia. Yeye anangoja mpaka ufike hapa langoni ndipo anakutambua. Nimemwangalia wiki mbili. Na akisoma tangazo hapa ukutani, pua inagusa karatasi."

Nilihisi kama nimemwagiwa maji baridi. Jumamosi hiyo nilimpeleka kwa daktari wa macho na ikathibitika kwamba ubao wa darasani, kwa mtoto aliyeketi dawati la tatu kutoka nyuma, ulikuwa ukungu mtupu. Alikuwa akinakili kwa jirani yake, na jirani akimaliza kabla yake na kufunga daftari, kazi inabaki nusu. Miwani iligharimu shilingi 4,500. Kwa muda wa mwezi mmoja ule wino mwekundu ulikwisha daftarini.

Nilikwenda shuleni nikiwa na hasira za kumwaga kwa mwalimu wa darasa. Yule aliyeandika "mzembe" ndiye niliyemtaka. Nilimkuta kijana wa miaka ishirini na kitu, ameketi nyuma ya rundo la madaftari lililomfika kidevuni. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Pole, Mama. Kosa ni langu. Lakini kipindi ni dakika 35."

Nilitoka nje nikapiga hesabu kwenye simu. Dakika 35 ni sekunde 2,100. Gawa kwa watoto 62, unapata sekunde 34 kwa kila mtoto, na hapo mwalimu hajafuta ubao, hajatenganisha wanaopigana, hajafundisha hata neno moja. Guka hakuwa na kipindi. Yeye alikuwa na lango, na alikuwa na muda wa kutazama.

Sasa nikuulize, msomaji, yule mwalimu aliajiriwa na nani? Mimi nilidhani ni wa serikali kama wengine. La. Katika ua ule mmoja kulikuwa na waajiri watatu, na naamini hata shuleni kwa mwanao ni hivyo hivyo. Walimu wa chekechea ni wa serikali ya kaunti, kwa kuwa Katiba ya 2010 iliwapa magavana elimu hiyo ya awali. Walimu wa Gredi ya 1 kwenda juu wanapaswa kuwa wa Tume ya Huduma za Walimu, TSC, tume iliyoundwa mwaka 1967 na ambayo leo imo ndani ya Katiba. Wale TSC isiokuwa na nafasi yao, bodi ya usimamizi wa shule huwaajiri yenyewe na kuwalipa kwa kadiri ya mfuko wake. Hao ndio tunaowaita walimu wa bodi. Ama karani, bawabu, wanaosafisha vyoo na fundi wa kutengeneza madawati, hao TSC haiwajui kabisa. Wote ni wa bodi. Wana chama chao cha kuwatetea, KUDHEIHA, lakini ni wangapi kati yao wanaothubutu kukitaja chama mbele ya mwalimu mkuu?

Mambo hayakuanza jana. Nilikuwa darasa la saba Januari 2003, wiki moja tu baada ya Rais Mwai Kibaki kuapishwa, wakati elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa ya bure. Walio na umri wangu wanakumbuka. Nchi nzima watoto zaidi ya milioni moja waliingia shuleni kwa mkupuo, na mwaka uliofuata hata Mzee Kimani Maruge, aliyekuwa na miaka 84, akajiunga na darasa la kwanza kule Eldoret akiwa amevaa kaptura na soksi. Dunia ikatupigia makofi. Lililosahauliwa ni kwamba tangu 1998 serikali ilikuwa imesimamisha uajiri wa walimu wapya, ikawa inajaza tu nafasi za waliostaafu na waliofariki. Hivyo watoto waliongezeka kama mvua na walimu wakabaki wale wale.

Shuleni kwetu darasa la kwanza lilijaa mpaka watoto wakakaa chini, wengine kwenye kizingiti cha mlango. Mwalimu wao, mama mmoja mnene aliyependa kuimba, alizidiwa. Akawa anakuja darasani kwetu kuomba "mtu mkubwa mkubwa" wa kumsaidia. Mara nyingi nilichaguliwa mimi. Nikawa nikiacha hesabu zangu za darasa la saba nakwenda kuwashikisha wadogo penseli, kuwapangusa kamasi na kuwapeleka chooni kumi kumi. Nilijiona mwalimu. Nilifurahi mno! Mama yangu alipopata habari hakufurahi. Alisema, "Mimi nimekupeleka kusoma, wao wamekuandika kazi ya uyaya." Alama zangu za hesabu za KCPE sitazitaja hapa.

Haya, turudi mwaka 2024. Muhula wa pili ulichelewa. Mafuriko yalikuwa yameharibu mengi na shule zikafunguliwa Mei 13 badala ya Aprili 29. Tulipofungua tukakuta watoto wa Sekondari Msingi, ambao tangu 2023 wanasomea katika ua huo huo, wakizurura na mipira ya makaratasi. Walimu wao wanagenzi walikuwa wamegoma. Wengi walikuwa wakilipwa shilingi 20,000 kwa mwezi, na makato yakitolewa zinabaki kama 17,000, na mahakama ilikuwa imekwisha kutamka mwezi Aprili kwamba uanagenzi huo haukufuata sheria. Sikuwalaumu. Lakini ni nani aliyekuwa akiwachunga watoto wale wakubwa wasiruke ua? Guka.

Mwezi Juni tukaitwa mkutano. Mwalimu mkuu, mwanamke mkakamavu mwenye miwani minene kuliko ya binti yangu, aliandika hesabu ubaoni. Mwenyekiti wa bodi akasimama na kutuomba kila mzazi wa Gredi ya 1 hadi 6 achange shilingi 300 kwa muhula. Minong'ono ikaanza. Nami, msomaji, nikainua mkono.

Nilizungumza vizuri. Nasema hivyo bila kujisifu, kwa sababu ndilo tatizo lenyewe. Nilikitaja kifungu cha 53 cha Katiba kinachompa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Nikaitaja Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kwamba shule ya umma haina ruhusa ya kutoza karo, na malipo mengine yoyote yanahitaji idhini ya Waziri. Nikauliza, idhini hiyo iko wapi? Nikasema kwamba 300 za leo ni 500 za mwakani. Nikakumbusha kwamba magazetini tumeandika mara ngapi juu ya watoto waliofukuzwa kwa sababu ya michango ya namna hii. Ukumbi mzima ukalipuka kwa makofi. Mzee mmoja alinipa mkono.

Mama mmoja tu, muuza mitumba niliyemfahamu kwa sura, alisimama akasema, "Mimi nitalipa hizo 300. Nikimweka mwanangu shule ya jirani ya kulipia ni elfu nne kwa mwezi." Alizomewa akaketi.

Mwalimu mkuu hakubishana nami. Alisema, "Mama huyu amesema kweli. Sheria ni hiyo." Akachukua kifutio, akafuta hesabu ubaoni, mkutano ukafungwa kwa sala.

Kwa mazoea ya kazi nilikuwa nimenakili ile hesabu kwenye kijitabu changu. Sikuisoma. Niliisoma mwezi Septemba, wakati hakikubaki cha kufanya. Ilikuwa hivi. Watoto wa Gredi ya 1 hadi 6 walikuwa 1,490, katika madarasa 24. Walimu wa TSC walikuwa 19, ukimhesabu mwalimu mkuu na naibu wake. Hata hao wawili wangeacha ofisi na kuingia darasani kuanzia asubuhi hadi jioni, madarasa matano yangebaki bila mtu. Ndiyo maana bodi iliajiri walimu saba, kila mmoja kwa shilingi 12,000. Wafanyakazi wengine walikuwa sita, kila mmoja kwa 10,000, pesa ambazo ni chini ya kima cha chini kilichowekwa na serikali yenyewe kwa mlinzi wa Nairobi. Jumla ni 144,000 kwa mwezi.

Na serikali hutoa nini? Kwa mtoto wa shule ya msingi mgao ni shilingi 1,420 kwa mwaka. Mwaka 2003 ulikuwa 1,020. Bei ya unga ya 2003 unaikumbuka? Zidisha 1,420 kwa watoto 1,490 upate 2,115,800, yaani kama 176,000 kwa mwezi, ikiwa zote zimekuja na zimekuja kwa wakati, jambo ambalo mwalimu mkuu alituambia halijatokea tangu apewe shule hiyo. Ndani ya hizo mna chaki, mitihani, maji, umeme, madirisha yaliyovunjwa na vyoo. Kuhusu vyoo, kanuni inataka tundu moja kwa wasichana 25 na moja kwa wavulana 30. Sisi tulikuwa na mama wawili wa kuvisafisha vyote, kila siku, baada ya watoto 1,490. Sitaki kukuharibia chakula cha Jumapili, kwa hivyo naishia hapo.

Shilingi 300 kwa watoto 1,490 ni 447,000 kwa muhula. Mishahara ya miezi mitatu ni 432,000. Zinabaki 15,000. Hapakuwa na wizi katika hesabu ile, na mimi niliyezoea kunusa wizi nilisimama nikaunusa mahali ambapo haukuwapo. Je, niliyoyasema juu ya sheria yalikuwa uongo? Hapana. Nikirudi leo nitayasema tena, labda mahali pengine, mbele ya watu wengine. Wazazi wa Eastlands siwezi kuwalaumu kwa kukataa kulipa mara ya pili kitu walichokwisha kukilipia kwa kodi ya mafuta ya taa. Lakini TSC haikuwapo mkutanoni siku ile. Wizara haikuwapo. Nilimpigia kelele mtu pekee aliyekuwa karibu.

Muhula wa tatu ulipofunguliwa mwisho wa Agosti, walimu wa bodi walikuwa wamebaki watatu. Yule kijana wa Gredi ya 5 hakuwa miongoni mwao. Mikondo minne ya gredi hiyo ikafanywa mitatu na darasa la binti yangu likawa na watoto 83. Hizo ni sekunde 25, ukitaka kujua. Karani aliondoka, na sasa ukienda kuomba barua ya uhamisho unamkuta naibu wa mwalimu mkuu akigonga kompyuta kwa kidole kimoja huku darasa lake likipiga kelele upande wa pili wa ukuta. Mama mmoja wa vyoo akaondoka. Langoni palikuwa na kufuli.

Nilimsimulia wifi yangu mambo haya kwa simu. Yeye yuko Minneapolis, katika jimbo la Minnesota, ambako Waafrika Mashariki wamejaa hata sukumawiki haikosekani, na anafanya kazi katika shule ya aina ambayo Wamarekani huiita chata. Ni shule ya umma, haitozi karo, lakini inaendeshwa na bodi yake kwa mkataba badala ya kuwa chini ya wilaya ya elimu. Jimbo hilo ndilo lililopitisha sheria ya kwanza ya shule hizo mwaka 1991, na ya kwanza ikafunguliwa mjini St. Paul mwaka 1992. Kazi ya wifi yangu ni kumsaidia mtoto mmoja. Mmoja! Ana tatizo la kusema, naye humkalia kando siku nzima. Akanitajia wengine: muuguzi, mshauri, mkalimani wa Kisomali, msaidizi wa kila darasa la watoto wadogo, mlinzi.

"Basi nyinyi mko peponi," nikamwambia.

Akacheka. "Pepo gani? Hapa pesa humfuata mtoto. Wakihama watoto wachache tu kwenda shule nyingine, bodi inaketi, inapunguza watu. Na hawaanzi na mwalimu wa hesabu. Wanaanza na sisi." Mwaka uliopita wenzake watatu waliachishwa kazi. Alipouliza kwa nini, aliambiwa kwamba wao "hawafundishi".

Neno hilo lilinikaa kooni. Hata katika kijitabu changu ndivyo ilivyoandikwa, kwa mkono wangu mwenyewe nikinakili ubao: walimu juu, chini yake mstari, kisha "wasiofundisha". Guka alikuwa chini ya mstari.

Nilijaribu kumtafuta. Niliuliza kwa naibu wa mwalimu mkuu, hakuwa na nambari yake ya simu. Karani ndiye aliyekuwa nazo. Niliwauliza akina mama wa mboga nje ya lango, mmoja akasema amerudi Murang'a, mwingine akasema yuko Kayole kwa mwanawe. Nikaacha. Unajua jiji hili jinsi lilivyo, na mimi nilikuwa na makala za kumaliza.

Ikawa Jumamosi moja Januari 2025, tumeshuka kwenye steji kununua viatu vya shule, binti yangu akanivuta mkono. "Mama, Guka!" Mimi sikuona mtu. Palikuwa na barabara mbili, msururu wa matatu na umati wa watu. "Wapi?" "Kule! Karibu na kibanda cha kijani. Anauza peremende." Tukavuka.

Alikuwa ameweka kasha la mbao magotini, peremende, njugu na sigara za moja moja. Lile koti bado alikuwa nalo. Nilikuwa nimeyapanga maneno ya kumwambia kwa muda wa miezi, na yote yakanipotea. Yeye hakunitazama mimi. Alimshika mtoto kidevu, akamgeuza uso huku na huku, akaikagua miwani.

"Haijavunjika?"

"Bado, Guka."

"Uko gredi gani sasa?"

"Ya sita."

Alitikisa kichwa akionyesha kuridhika. Nikanunua njugu za shilingi 50, akakataa kuchukua 200 nilizomsukumia, nami sikusisitiza kwa kuwa niliona namwaibisha mbele ya wateja. Nikamwambia nilizungumza vibaya mkutanoni. Akasema hakuwapo mkutanoni, yeye alikuwa langoni. Kisha akamwuliza binti yangu ni bawabu gani aliyewekwa badala yake.

"Hakuna bawabu," akajibu mtoto. "Asubuhi tunafungua sisi wa Gredi ya 6, kwa zamu. Wiki ijayo ni zamu ya darasa letu."